Aliyenitoa Kwenye Grupu Sasa Anataka Nimtangazie Msiba

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka 51, mkulima wa vitunguu saumu huku Bashay, Mbulu.

Kijiji chetu kina grupu la simu. Tangu lianze, hakuna anayepita tena nyumba kwa nyumba kutangaza msiba. Ukiandika kwenye grupu, inahesabika kila mtu amesikia. Admini ni jirani yangu, nimwite Gwandu. Kampeni zilipoanza akaligeuza kuwa kwaya ya mgombea wake. Nikauliza, "Barabara ya mnadani aliyotuahidi iko wapi?" Akafuta. Nikauliza tena. Akajibu, "Mama, hapa ni maendeleo, si kelele. Kawaulize mbuzi wako." Akanitoa. Wenzake wakamshangilia kwa vidole gumba.

Muda si mrefu nikaenda Babati kumuuguza binti yangu. Nyuma yangu akafariki mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa mchanga. Wakatangaza kwenye grupu, wakadhani nimesoma. Nilirudi nikakuta kaburi. Hadi leo naambiwa kisimani, "Huyu ndiye hakumzika mama yake." Gwandu alijua simo. Alipoulizwa akasema, "Si ana mdomo? Angeuliza."

Uchaguzi ukaisha, mgombea wake hapokei tena simu. Nikaanzisha grupu langu, watu wakahamia. Kule kwake wamebaki wachache wanaopongezana asubuhi na jioni.

Leo asubuhi kaja mlangoni, kofia mkononi. "Shikamoo mama." Tangu anitoe hajawahi kuniamkia. Baba yake amefariki, anazikwa kesho. "Naomba unitangazie. Kwangu hakuna watu."

Nikamwambia, "Hapa ni maendeleo, si kelele." Akaondoka analia, na mimi nikanywa chai yangu ikiwa tamu.

Kinachonisumbua ni yule mzee. Ndiye pekee aliyekuja kunipa pole, akaniambia, "Mwanangu, usinyamaze." Tangazo nimeshaliandika, sijalituma. Nisipotuma, Gwandu atachimba kaburi peke yake, na hilo ndilo ninalolitaka. Lakini atakayelala humo ni mzee.

Nishaurini, nitume au nisitume? Ila wale wa "samehe saba mara sabini" msijisumbue. Nimeshamwomba mwenye ukurasa awafute.