Yai la Yustina: tulivyomlea mtoto njiti wakati wa Vita vya Kagera

Wakuu, amani kwenu. Vijana mnaonipa shikamoo humu, marahaba. Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mimi ni wa Ngara, upande wa Bugarama. Wazazi walifariki tukiwa wadogo. Nikaacha shule nikalime, tupate kula. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba yetu ilikaa kwenye mstari kama za wengine, ila baba wa nyumba nilikuwa mimi.

Vita vilipoanza, shemeji yangu akaenda mstari wa mbele na mgambo. Mkewe, mdogo wangu Yustina, akarudi kwangu na mimba.

Akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, anatosha kwenye viganja vyangu. Siku hizi mnamwita njiti.

Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nesi wa zahanati akamfundisha Yustina kukamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, akampa na vidonge vya vitamini. Shangazi yetu akashangaa, anayeumwa mtoto, dawa anakunywa mkubwa?

Nesi akacheka. "Mama, huyu mtoto anakula kwa mdomo wa mama yake."

Vidonge vikaisha. Zahanati hawakuwa na vingine, magari yote yalikuwa vitani. Maziwa yakapungua. Mtoto akaacha kulia, na njiti asiyelia si mpole, amechoka.

Nesi akaniambia basi nitegemee chakula: mchicha, mawese, mayai.

Mchicha ulikuwepo. Mawese nikayapata kwa mtu aliyetoka Burundi. Kazi ikawa mayai.

Niwaambie pembeni kidogo: kwetu enzi hizo mwanamke hali yai wala kuku. Akila, kijiji kizima kinamsema.

Nikachemsha, Yustina akawagawia wadogo zetu. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba alimkataza, na baba hayupo wa kumruhusu.

Hapo nikaelewa. Nikamwita shangazi ashuhudie, nikakaa kwenye kigoda cha marehemu baba, nikamenya yai.

"Aliyekukataza ameniachia kiti chake. Nimekuruhusu. Kula."

Shangazi akaguna. "Utamwotesha mdogo wako ndevu."

"Zikiota nitamnyoa."

Yustina akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Akala.

Maziwa yakarudi taratibu. Sisemi ni yai peke yake, mimi si daktari. Ila mtoto akaanza tena kulia akidai chake, na kilio kile sikuwahi kukichoka. Shemeji aliporudi kutoka vitani alimkuta anatambaa.

Nilichojifunza: ukiwa na njiti nyumbani, mfuate daktari, halafu usimtazame mtoto tu. Muulize mama yake amekula nini leo.

Yule njiti sasa ana watoto wakubwa. Lakini Yustina, mpaka leo, mayai yakiletwa mezani ananitazama mimi kwanza.

Je, kwenu mzazi alikatazwa kula nini, na nani alimruhusu? Andikeni, nawasoma.