Sahani ya Mume wa Jukwaani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa sababu ya tonge la ugali. Ilikuwa Kakamega, miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa mtunza vifaa wa kikundi cha maigizo cha ofisi ya maendeleo. Vifaa ni kila kitu anachoshika mchezaji mbele ya watu: jembe, kigoda, chungu. Chakula nacho kilikuwa kifaa, na kilipikwa kweli, maana watazamaji wetu walikuwa wepesi wa kuzomea sahani tupu. Njaa iliniuma, nikamega. Bwana Afisa, mkubwa wetu, akaniona.

"Kijana, chakula cha mchezo hakiliwi na mtunza vifaa. Ukikila wewe, mchezaji atakula nini?"

Sikurudia.

Tulizunguka na lori. Ubao wa pembeni ukishushwa, lori linakuwa jukwaa. Mchezaji wetu mkuu alikuwa Khasandi, mke wa seremala aitwaye Shivachi. Mchezo uliompa jina ulihusu kifua kikuu: mume anakataa hospitali, anakufa, mke analia kilio cha matanga. Siku ya mazoezi alilia hadi wachuuzi wakaja mbio kuuliza ni nani amefariki. Bwana Afisa alifurahi sana. Lakini habari mbaya hazina mguu mfupi. Zilimfikia mama mkwe wa Khasandi kabla yeye hajafika nyumbani.

Kesho yake mama huyo alikuja ofisini, akakataa kiti.

"Sisi hatulilianga mtu kama bado ako hai," alisema. "Huyu akilia bwana mbele ya watu, bwana yake ni nani? Si ni mtoto wangu? Alie tena mara moja tu, arudi kwao."

"Mama, huu ni mchezo tu," Bwana Afisa alimwambia.

"Na kifo kitajua aje ni mchezo?"

Alipoondoka, Bwana Afisa alimgeukia Khasandi. "Bila kilio hakuna mchezo. Ijumaa tuko Ekero. Ukishindwa, nafasi nitampa mwingine."

Nilidhani amekwisha. Ndoa huku, kazi kule, naye alizipenda zote mbili. Nilimhurumia, ila mtunza vifaa haulizwi.

Asubuhi ya Ijumaa Khasandi alinijia; shemeji aliniita kwa heshima tu, hatukuwa na undugu. "Shemeji, uniwekee sahani mbili."

"Na mume si atakuwa amekufa?"

"Wewe weka tu."

Pale Ekero, mume wa jukwaani alipokwisha kubebwa, Khasandi hakulia. Alipakua ugali sahani mbili kama alivyozoea. Moja akaisukuma upande wa kigoda cha mume. Akaitazama. Kisha akaichukua, akaurudisha ugali chunguni polepole, akaifuta sahani kwa kidole. Kina mama wakaanza kulia, wao wenyewe. Bwana Afisa alivua kofia.

"Iache hivyo hivyo," aliniambia.

Mama mkwe hakumrudisha kwao. Ndoa ilidumu, kazi ikadumu. Baadaye alikuja Bwana Mkaguzi, aliyetaka kila kifaa kipakwe rangi, kisha Bibi Mratibu, aliyemwombea Khasandi nafasi redioni. Huko akawa wa nchi nzima. Mimi nilibaki na sanduku langu mpaka nilipostaafu. Silalamiki, kazi yangu ilikuwa kumpa mtu kitu anachokihitaji, saa anayokihitaji, na niliipenda. Shivachi alifariki mwaka juzi, mzee kamili. Ndipo nilipokisikia tena kile kilio cha mazoezi.

Mwaka huu Khasandi ametimiza miaka themanini. Wanafunzi wake walimfanyia sherehe nyumbani kwake, karibu na Isecheno. Walisimama mmoja mmoja kumsifu, tena kwa majonzi, hadi akachoka.

"Mnanililia na mimi niko hapa nawaangalia?"

Tukacheka. Chakula kilipokuja alipakua mwenyewe, obusuma, yaani ugali, na ingokho, kuku wa kienyeji. Sahani mbili. Ya pili akaisukuma upande wa kiti cha Shivachi. Vijana wakatoa simu kupiga picha, wakidhani anatuigizia. Mimi sikudhani hivyo. Nikamsogezea chungu, kama zamani.

Hakukigusa. Aliichukua sahani, akaniwekea mapajani.

"Kula, shemeji."

"Chakula cha mchezo hakiliwi na mtunza vifaa."

"Mchezo gani? Wewe bado uko. Kula kabla hakijapoa."

Nikamega.