Kuran ilirudi etau ikiwa wazi

Leo kelele za furaha nusura ziniue.

Minye niko na kamashini kadogo ka kuchonga chuma, kanakaa juu ya meza. Chuma unakibana kati ya meno ya etau, unakaza na nguvu yote, ndipo kisu kinazunguka na kukichonga.

Asubuhi kuran, umeme wetu, ikakatika katikati ya kazi. Mashini ikanyamaza.

Si munatujua sisi wa Uvira? Kuran ikienda, hakuna muntu anawaza kuzima swichi.

Nikalegeza etau, nipime chuma. Vidole vyangu viko vinagusa kisu.

Jirani yangu Mama Neema akaita mlangoni: "Baba Riziki, njoo unitwike hii beseni ya samaki ndagala."

Nikakiacha chuma pale, bila kukaza. Nikaenda. Tukainua beseni.

Papo hapo avenue nzima ikalipuka: "Kuran imerudiii!"

Na minye nikacheka pamoja nao. Nilicheka, jamani!

Nyuma yangu mashini ikanguruma. Chuma kikaruka, kikapita kati yetu wawili, kikachana bati la mlango.

Mama Neema akatazama lile tundu. Liko usawa wa kifua chake.

"Baba Riziki, nani ameiwasha?"

Nikakimbia kuzima swichi. Ni minye niliiwasha asubuhi, na sikuizima.

Sasa kuran imekatika tena. Swichi nimeizima, lakini kila saa narudi kuitazama. Watoto wako barabarani, wanangojea kushangilia.

Na weye unayesoma hii, swichi yako umeizima?