Kisanduku Nilichokifungua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtafiti Mkuu wa kituo chetu kidogo cha utafiti wa mwanga karibu na mji wa Kiboko alinipeleka katika chumba kilichopakwa rangi nyeusi hadi dari. "Bwana Mutua," akaniambia, "hapa jua ni mwizi. Usimfungulie."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne tu. Alinifundisha kuzamisha vipande vya kioo katika chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, ili ndani ya kioo ijengeke njia nyembamba ambayo mwanga wa leza huifuata, kama maji yafuatavyo mfereji wa shamba kwetu Kilungu. Mwisho wa njia palikuwa na kisanduku cheusi chenye bomba la kioo lililohesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Bomba hilo lilitumia stima kali. Kufungua kisanduku mwanga ukaliingia kabla ya kuzima stima ni kuliua.

Ufunguo wa chumba tulikuwa nao wawili: mimi na Bi. Mwende, mtafiti aliyekuwa akisomea shahada yake. Jumamosi moja, yeye akiwa hayupo, mama yangu alinitembelea na kiondo cha mbaazi mbichi.

"Nyumbani wanasema unafungiwa gizani kama kuku anayeatamia," akacheka. "Haya, mayai yako wapi?"

Niliona aibu. Nikamwingiza, nikafungua kisanduku aone. Stima sikuwa nimezima.

Jumatatu bomba lilihesabu mwanga hata penye giza tupu. Vipimo vya Bi. Mwende vikaharibika.

"Nani alifungua?" Mtafiti Mkuu akauliza.

"Si mimi," akasema Bi. Mwende.

Mimi niliinamia kioo kilichokuwa safi, nikaendelea kukipangusa. Bi. Mwende akaondolewa kwenye utafiti, akaenda kufundisha sekondari karibu na mji wa Wote. Mimi nikapandishwa cheo.

Nilipostaafu, miaka ya tisini, nilimfuata shuleni nikamweleza yote, kofia mkononi.

"Nilijua, Mutua," akasema. "Jumatatu ile niliokota maganda ya mbaazi chini ya meza. Nani mwingine angeleta mbaazi mle?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nilingoja mpaka nikapewa barua ya kuondolewa."

Nyinyi mnaoanza kazi hii, jueni kwamba kifaa huagizwa kingine. Bomba jipya lilifika mwaka uliofuata, nikalifunga kwa mikono yangu hii. Aliyestahili kulitumia alikuwa kule Wote, akisahihisha madaftari.