Kauli Isiyo ya Baba

Wakati wa Mwingereza, pale Newala, maji yalikuwa bondeni, chini kabisa ya mteremko, na sisi tulikaa juu. Kuteka maji ilikuwa kazi ya wanawake. Baba aliifanya. Mama alipomzaa mdogo wangu, mgongo ukamkatalia, baba alitwaa madebe mawili na mti wa mzega wa kuyaning'iniza begani, akateremka kabla jua halijachomoza. Mama alipopona, hakuacha. Wanaume wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Akirudi hutua madebe, hushika jembe.

Alikuwa mtu wa Chiwata aliyeoa Newala, na kwa desturi yetu mume ndiye huhamia kwa wakweze. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yao ni mjomba. Baba alilima ukweni, akajenga ukweni, akapanda mikorosho ambayo isingekuwa yake, na miaka yote hiyo akaitwa "mkwe" tu. Desturi hiyo naichukia mpaka leo, na anayetaka kunisuta anisute.

Nilipofaulu darasa la nne, mwalimu alikuja nyumbani. Alisema nimepata nafasi katika shule ya bweni kule Masasi, je, wakubwa wangu wanaridhia? Alimkuta baba peke yake uani, anamenya mihogo. Furaha ikampanda kichwani.

"Ataenda," alisema. "Mwanangu ataenda, Mwalimu."

Angesema atamuuliza shemeji yake kwanza, leo ningekuwa mtu mwingine. Mjomba wala hakuwa na ugomvi na shule. Ila habari aliipata sokoni, midomoni mwa watu, akaja amefura.

"Mkwe, kauli hiyo kakupa nani?"

"Nisamehe, shemeji. Ulimi umeniponyoka."

"Basi urudishe. Mtoto haendi."

Baba alimlimia shamba siku sita, kumwomba radhi. Mjomba alilipokea jasho hilo, wakala ugali sahani moja, na bado akashikilia lile lile. Nafasi yangu alipewa mwingine.

Mjomba nilimwogopa. Kwa hiyo hasira zangu zote nilimshushia baba, kwa kuwa nilijua hatanipiga. Nilimnyima shikamoo. Kwetu, mtoto kumpita mzazi asubuhi bila kumwamkia ni sawa na kumtemea mate. Kiangazi kizima nilimpita hivyo mlangoni, nimefunga mdomo, naye ndio kwanza anatoka bondeni, mabega yamemvimba. Amekwisha kufa, na radhi sikumwomba.

Hakunigombeza hata mara moja, wala hakunisemea kwa mama. Kila asubuhi alitua madebe, akanitazama, akangoja kidogo. Kisha aliijibu salamu ambayo sikuitoa.

"Marahaba, mwanangu."