Shafti Zilizopitiwa na Msasa

Kazi yangu katika karakana ya Mkuza ni kutoamini kazi ya mtu mpaka niipime, na watu hawanipendi sana kwa hilo. Sina neno. Mashine zetu za kukereza chuma ni za mkono. Hazina kompyuta, zinamtii aliyeshika gurudumu. Kwa hiyo anayethibitishwa hapa ni mtu pamoja na mazoea yake. Fundi anakereza shafti tatu, zile fito za chuma zinazozunguka ndani ya mashine, kwa mchoro uleule, bila kusaidiwa. Zikitoka sawa zote, anapewa kibali cha kukereza za wateja bila mimi kumsimamia.

Tulipopata mteja wa Kisarawe mwenye mashine za kusaga mihogo, dada mmoja akaomba kupimwa. Miaka yote alikuwa kwenye mashine ya kutoboa matundu, na alikuwa ameichoka mpaka basi. Mkuu wa karakana alishamwambia kwamba akishindwa atabaki hukohuko.

Nilimtazama akikereza. Alisoma mchoro, akapunguza chuma kidogo kidogo, akapima, akasoma tena. Chuma chenye joto huvimba, kwa hiyo tulizilaza shafti mezani zipoe, tukaenda kula wali maharage kwa mama lishe.

Tuliporudi nikapima. Zote zilikuwa nyembamba mno pale inapokaa beringi, ile pete ya chuma inayoishika shafti ikizunguka. Nikapima tena, maana hata mimi sikutaka iwe hivyo. Dada akawa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Hapo fundi wetu mkuu, mzee wa Soga aliyewafundisha karibu wote, akasogea akitabasamu.

"Umeona zinavyong'aa? Nimempigia msasa kidogo, kazi isitoke hapa kama imetafunwa."

"Umempigia saa ngapi, mzee?"

"Mlipokwenda kula. Mbona hawa wote niliwapigia walipopimwa? Mkaguzi aliyekutangulia hakuwahi kulalamika."

Alisema waziwazi, kwa sababu hakuona cha kuficha. Kwa mafundi wetu, kazi isiyong'aa ni aibu ya karakana nzima. Mafundi wanaume waliokuwa karibu wakaangalia chini. Wao walijua mzee atapita na msasa, wakaacha chuma kinene kidogo ili msasa upate cha kula. Dada hakuna aliyemwambia. Alikereza kama mchoro ulivyosema.

Nilikasirika sana. Wema wa namna hii hunichosha kuliko uvivu. Nikayafuta matokeo ya dada, nikavifuta na vibali vya wanaume wote, na msasa nikaufungia kabatini. Mmoja akanung'unika kwamba mwanamke ameleta nuksi. Nikamwambia aende akatoboe matundu.

Kesho yake dada alikereza tatu nyingine, nami nikakaa nazo mpaka zikapoa. Zilikuwa sawa. Basi akawa peke yake mwenye kibali, akikereza shafti za Kisarawe huku wenzake wakifagia vumbi la chuma na kusubiri zamu ya kupimwa. Saa ya chai hawakumwita. Iliniuma, ila kibali cha kuitwa chai si mimi ninayekitoa.

Siku ya kupakia mzigo, mzee akaja kwenye meza ya dada, akaokota shafti moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haing'ai, binti."

"Inaingia, baba."

Mzee akachukua beringi, akaisukuma. Iliingia kwa kubana, ikakaa. Akajaribu kuichezesha, haikucheza. Akairudisha shafti mezani, na sisi wengine tukajifanya tuna shughuli. Kisha akanigeukia.

"Mkaguzi," akasema, "na mimi utanipima lini?"