Nilivyopeleka Potasiamu Ruiri

Niliondoka Embu kwa sababu mama alikuwa amechoka nami. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu Kampala nilikuwa nimehoji mahubiri ya kasisi, upanzi wa kahawa na hata namna mama anavyopika chai. Basi barua ya shangazi Wanja, aliyeolewa Ruiri, ilipofika, mama alinikabidhi mara moja. Shangazi aliandika kwamba ng'ombe wake wa pekee alikuwa anakauka maziwa na kulamba kuta. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, askari walikataza watu kupeleka mifugo kwenye udongo wa chumvi kando ya msitu, na mjukuu wa shangazi aliishi kwa maziwa hayo.

"Wewe umesomea mambo ya chumvi," mama alisema. "Nenda."

Chuka, asubuhi. Kwenye kizuizi cha barabara homgadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikagua kibali changu cha kusafiri, kisha akakunjua chati ya elementi niliyoibeba kama Biblia. Alitaka kujua hiyo ni orodha ya kina nani. Nikamweleza kwa furaha kwamba walio safu moja ni familia: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Ukijua tabia ya mmoja, umewajua wote.

"Ni kama kazi yetu," alisema, akimwonyesha kwa bunduki mzee aliyeketi chini karibu na lori. "Kijana wake ameingia msituni na magaidi. Kwa hivyo tumemshika yeye."

Mimi mhoji wa chai sikuhoji neno. Nilikunja chati nikapanda basi.

Meru mjini, adhuhuri. Mzee Salim, mchinjaji na rafiki wa baba, alinilisha vizuri, akanipa mfuko wa chumvi ya mawe anayohifadhia ngozi. Nilikataa. Nikamfundisha, mdomo umejaa nyama yake, kwamba sodiamu ya chumvi na potasiamu ya majivu ni ndugu, na majivu ni ya bure.

"Haya, daktari," akasema. "Mfuko utakungoja hapa."

Ruiri. Kwa siku mbili nilichoma maganda ya ndizi na mabua ya maharagwe, nikachuja majivu, nikachemsha maji yake mpaka ukabaki unga mweupe. Shangazi alitazama. Maji hayo ya majivu amekuwa akiyatumia kulainishia maharagwe tangu aolewe. Ng'ombe alinusa unga, akaupulizia usoni pangu, kisha akaanza kulamba shati langu lililolowa jasho, kuanzia kwapani.

"Anakuona una maana kuliko dawa yako," alisema shangazi. "Jasho lina chumvi, mwanangu. Rudi kwa Salim."

Nilirudi. Salim aliniuliza tu hali ya ndugu zangu wa majivuni, akanipa mfuko. Siku ya tatu baada ya ng'ombe kuonja, maziwa yalijaza nusu kibuyu, na mtoto akalala ameshiba.

Chuka tena, nikirejea nyumbani. Homgadi alikuwa yule yule, lakini lori halikuwapo, wala mzee. Akaniuliza kama watu wangu wa safu moja wako salama.

"Nilikosea, afande," nikasema. "Wanafanana, lakini kila mmoja ana yake. Ng'ombe alimkataa mmoja akamtaka mwingine."

Alitazama pale lori lilipokuwa limesimama, akanirudishia kibali.

"Ungesema siku ile," akasema.

Nyumbani mama aliuliza nimejifunza nini. Nilimsimulia habari za ng'ombe na shati, akacheka mpaka akaketi. Za mzee wa kizuizini sijamwambia.